Nakala za akiba: je, zitarudi?



Nimepata barua kutoka kwa msikilizaji mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye sasa ana duka la vifaa vya shule. Hesabu zake zote zimo katika kompyuta moja iliyo juu ya kaunta. Mwanawe amemnunulia diski ya nje na kumwekea programu ya kutunza nakala za akiba, au bekapu kama wanavyosema vijana. Kila jioni programu hiyo humwandikia kwamba kazi imekamilika bila kosa lolote. Mwalimu anauliza swali fupi: "Je, naweza kulala?"

Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja. Kisha nikakumbuka kwamba swali hili limekuwa likiulizwa tangu kompyuta za mezani zilipoanza kuwa na diski ngumu, yaani zaidi ya miaka 40 iliyopita, na kwamba mimi mwenyewe niliwahi kulipa gharama ya kulijibu kwa haraka. Tena si mimi peke yangu. Walilipa na watu ambao hata kuigusa kompyuta hawakuwahi. Kwa hiyo leo naomba uniwie radhi, tutarudi nyuma kidogo.

Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981, ile iliyoifanya kompyuta ya mezani kuwa kitu cha ofisini, haikuwa na diski ngumu. Kazi za mtu zilikaa katika flopi, na kutunza nakala kulikuwa ni kunakili flopi moja kwenda nyingine, basi. Mambo yalibadilika Machi 1983, IBM ilipotoa kompyuta yake ya XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10. Siku hizi picha tatu za simu zinatosha kuijaza diski hiyo. Wakati ule lilikuwa ghala, na watu walishangilia kwamba sasa watatupa mirundo ya flopi.

Lakini ghala hilo likiungua, vyote vimekwenda kwa pamoja. Na njia pekee ya kuvitoa nje mapema ilikuwa ni zile zile flopi, ambazo kila moja ilibeba kilobaiti 360. Ukipiga hesabu, diski nzima ya XT ilihitaji flopi 29 hivi. DOS 2.0, iliyokuja pamoja na mashine hiyo, ilileta amri mbili kwa kazi hiyo, BACKUP ya kupeleka na RESTORE ya kurudisha. Mtu alikaa mbele ya mashine akiingiza flopi na kuchomoa, akiandika namba kwa kalamu. Katika matoleo ya mwanzo flopi zote zilitakiwa ziwe zimefomatiwa kabla hujaanza. Zikikuishia katikati, umekwama. Haishangazi kwamba wengi waliifanya kazi hiyo mara moja, wakaapa kutorudia.

Hapo ndipo wafanyabiashara walipoona nafasi. Kampuni ya Fifth Generation Systems ya mji wa Baton Rouge, katika jimbo la Louisiana huko Marekani, ilipata jina kwa programu yake iliyoitwa Fastback. Baadaye wakaja Central Point, na programu iliyobeba jina la Peter Norton. Wote waliuza kitu kimoja: dakika. Kazi iliyokuwa ikikula saa nzima sasa iliisha wakati chai haijapoa.

Siri yao naomba niieleze, maana ndani ya siri hiyo ndimo shida ilimokaa. Kwa kawaida DOS ilisoma mzigo kutoka diski ngumu, ikasimama, ikauandika kwenye flopi, ikasimama, ikarudi kusoma. Ni kama kuli mmoja anayepakua lori: akienda na gunia ghalani, lori linamsubiri. Programu hizi mpya ziliweka makuli wawili. Zilimruka DOS, zikazungumza moja kwa moja na chipu za mashine, ili diski isomwe wakati ule ule flopi inapoandikwa. Kwenye kompyuta ya IBM yenyewe mambo yalikwenda vizuri. Lakini soko lilikuwa limejaa mashine za kuiga, na mashine ya kuiga si lazima iwe na mwendo ule ule hadi ndani kabisa ya vipuri vyake. Kuli wa pili akichelewa kidogo tu, kilichoandikwa kwenye flopi si kile kilichosomwa.

Watengenezaji walilijua hilo. Microsoft ilipoweka programu ya kunakili ndani ya MS-DOS 6 mwaka 1993, ikiwa imeichukua kwa leseni kutoka kampuni ya Symantec iliyokuwa mmiliki wa ile ya Norton, programu hiyo ilianza kwa kuijaribu mashine yenyewe. Ilinakili mafaili machache kwenye flopi, ikayasoma tena, ikayalinganisha na yale ya asili, na jaribio lisipofaulu ilikuonya usiitegemee. Pia ilikuwa na kipengele cha kutia alama za ziada kwenye flopi ili ikiharibika sehemu, iliyobaki isaidie kuijazia. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli, na anayesema programu za zamani zilikuwa upuuzi mtupu anakosea. Ubaya ni kwamba jaribio hilo lilifanyika ndani ya mashine ile ile. Naomba ulikumbuke hilo, kwa sababu sasa nakuja kwenye habari yangu.

Mwaka 1994 nilikuwa karani katika chama kimoja cha akiba na mikopo mjini Dar es Salaam. Kompyuta zilikuwa bado ngeni kwetu. Tukumbuke kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na zuio hilo lilikuja kulegezwa katika miaka ya 80. Chama chetu kilikuwa na mashine moja tu, na kila jioni ilifunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya sebuleni. Ndani yake mlikuwa na leja ya wanachama: nani ameweka kiasi gani, nani amekopa, nani amebakiza. Wanachama wenyewe walikuwa mama lishe, mafundi cherehani, wachuuzi na wastaafu.

Kila Ijumaa saa tisa alasiri nilifanya nakala. Flopi 14, za megabaiti 1.44 kila moja, nikizibadilisha kadiri mashine ilivyodai. Fedha za kununua seti ya pili hazikupatikana, kwa hiyo kila wiki niliandika juu ya zile zile. Hata hivyo nilikuwa nimewasha kila ulinzi uliokuwemo, na programu ilisoma tena kila ilichokwisha kuandika. Mwishoni ilitoa taarifa kwamba hakuna kosa. Nami niliandika katika daftari, "Hakuna kosa", nikatia saini, Mweka Hazina naye akatia yake, flopi zikafungiwa katika kabati la chuma.

Mwaka ule ulikuwa wa mgawo wa umeme, maana maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yamepungua mno. Siku moja umeme ulirudi kwa kishindo, tukasikia mlio mdogo, ikafuata harufu ya waya kuungua. Diski ngumu haikuzunguka tena. Mwenyekiti alinitazama bila kusema kitu. Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, Mwenyekiti, nakala zipo." Nakiri kwamba nilisema kwa majivuno kidogo.

Ikanunuliwa kompyuta nyingine kwa mkopo. Nikaingiza flopi namba moja. Mashine ikaguna, ikasema haisomeki. Namba mbili, vivyo hivyo. Namba tatu ilisomeka kidogo, ikakwama. Nilizijaribu zote 14, nikazifuta kwa kitambaa, nikazirudia. Nikafika mahali pa kuchukua programu ya kutengeneza diski mbovu na kuielekeza kwenye flopi namba tisa. Ilifanya kazi kwa dakika kadhaa na kunieleza kwamba imetengeneza.

Siku ya pili wanachama walikuwa wamejaa barazani. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki Feri aliingia hadi mezani kwangu, akaishika flopi moja na kuigeuza geuza. "Mwanangu," akasema, "ina maana hela zetu zimo humu?" Sikupata la kumjibu.

Aliyetusaidia ni fundi mmoja wa Kariakoo, mtu wa maneno machache. Alizitazama flopi, akatazama mashine mpya, akauliza, "Draivu ya zamani iko wapi?" Nikamwambia kwamba mashine ya zamani ilikwisha kufa, ipo stoo. "Mashine imekufa," akasema, "draivu umeiuliza?" Akaenda stoo, akafungua skrubu nne, akaitoa draivu ya flopi ya mashine iliyoungua, akaifunga kwenye mpya. Nikaingiza namba moja. Ikasoma.

Sababu yake ni hii. Flopi ya megabaiti 1.44 ina njia 80 kila upande, mfano wa duara ndani ya duara, na njia hizo zimebanana 135 katika kila inchi. Kichwa cha draivu kinatakiwa kipite juu ya njia barabara. Draivu yetu, kwa uchakavu na vumbi, ilikuwa imehama kidogo sana, pengine kwa upana ambao jicho halioni. Kila Ijumaa iliandika pembeni ya njia, kisha ikasoma pembeni pale pale, ikakuta kila kitu sawa. Programu haikudanganya. Iliulizwa kama maandishi yanasomeka, ikajibu yanasomeka, na yalisomeka kweli, kwa draivu moja tu katika dunia nzima. Kama fundi yule angekuja wiki moja baadaye angekuta mashine ya zamani imekwisha kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, maana mazungumzo ya bei yalikuwa yameanza.

Flopi 13 zilisomeka. Namba tisa haikusomeka, kwa sababu ile "matengenezo" yangu yaliandika juu yake kwa draivu mpya, na ndani yake ilikuwemo sehemu kubwa ya michango ya mwaka 1993. Tuliwaita wanachama waje na vitabu vyao vya akiba, tukaandika upya mstari kwa mstari. Kazi hiyo ilichukua miezi minne. Mzee mmoja, aliyestaafu kazi ya bandarini, hakuwa na kitabu. Kilichukuliwa na maji ya mvua yaliyoingia nyumbani kwake. Kamati ilikaa vikao viwili juu yake. Wengine walisema bila karatasi hakuna malipo, wengine wakasema mashine ilikuwa yetu, si yake. Mwisho wakamwandikia nusu ya kiasi alichotaja. Alishukuru kwa adabu zote, akachukua fedha zake, na hakuweka tena akiba kwetu.

Nimeisimulia habari hii mara nyingi na watu huniambia, "Basi ilikuwa ni draivu mbovu na karani mwenye haraka." Ni kweli. Lakini miaka mitano baadaye yalijitokeza mambo Marekani yaliyonionyesha kwamba hata palipo na draivu nzima, yale maneno "hakuna kosa" yanaweza kuwa na tundu.

Mwaka 1999 kampuni ya Toshiba ilishtakiwa katika mahakama ya shirikisho huko Beaumont, jimbo la Texas. Shauri lilihusu ile chipu inayosimamia draivu ya flopi katika kompyuta zake za kubeba. Chipu hiyo hupokea data baiti baada ya baiti na kuziandika. Mashine ikibanwa na kazi nyingine, baiti inaweza kuchelewa, na hapo chipu hutakiwa kupiga kelele kwamba kuna kosa. Walalamikaji walidai kwamba ikitokea baiti iliyochelewa ndiyo ya mwisho katika fungu lake, chipu haipigi kelele. Inaandika baiti isiyo sahihi, halafu inakokotoa namba ya ukaguzi kutokana na hiyo hiyo isiyo sahihi. Ukija kusoma baadaye, namba na data vinakubaliana. Mfano ni wa mtunza stoo aliyekosea kuandika idadi ya magunia, kisha akajumlisha vizuri kabisa makosa yake. Mkaguzi akipiga jumla anakuta iko sawa.

Oktoba mwaka huo Toshiba ilikubali kulimaliza shauri hilo kwa mapatano yaliyokadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 2.1, yakihusu kompyuta karibu milioni tano. Kampuni ilisema haikuwa imepokea taarifa ya mteja hata mmoja aliyepoteza data kwa sababu hiyo. Mimi sikuona ajabu. Mteja angejuaje? Kosa lenyewe ndilo lile lisilotoa sauti. Anayekuta tarakimu moja imegeuka katika leja baada ya miaka miwili atamlaumu karani.

Kulikuwa na njia nyingine ya kupotea, isiyohitaji kipuri kibovu hata kimoja. Kila programu iliandika nakala zake kwa mtindo wake yenyewe, na mtindo huo ulibadilika. Programu ile ya MS-DOS 6 haikuweza kusoma nakala zilizofanywa na amri ya BACKUP ya matoleo ya nyuma. Ilibidi amri ya RESTORE iachwe ndani ya DOS kwa ajili hiyo tu. Ilipokuja Windows 95, programu yake ya kunakili haikusoma za MS-DOS 6. Tena aliyeendelea kutumia programu ya zamani ya DOS ndani ya Windows 95 alikuta majina marefu ya mafaili yamekatwa: "Leja ya wanachama" ikirudi inaitwa LEJAYA~1, na jirani yake LEJAYA~2, ukisie mwenyewe ipi ni ya nani. Windows Vista iliyouzwa kuanzia mwaka 2007 iliiacha programu iliyotumika katika Windows XP, na mwenye nakala za zamani alilazimika kutafuta programu ya pembeni ya kuzifungulia. Na wale washindani watatu niliowataja? Symantec ilimnunua Norton mwaka 1990, Fifth Generation mwaka 1993 na Central Point mwaka 1994. Biashara ni biashara, lakini mwenye sanduku la flopi za Fastback alibaki na kufuli ambalo mwenye kiwanda cha funguo amehama.

Sitazungumza sana juu ya kanda za sumaku zilizofungwa kwenye waya wa flopi, wala diski za Zip za Iomega, ambazo draivu zake zilipata sifa mbaya ya kugonga "ta, ta, ta" hadi kampuni ikashtakiwa mwaka 1998. Vyombo vilibadilika, maneno "imekamilika" yakabaki.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani, siku hizi kuna wataalamu. Tuwatazame basi wataalamu wenyewe, ingawa hapa tunatoka kwenye kompyuta ya mezani na kuingia kwenye mitambo mikubwa. Januari 31, 2017, mfanyakazi wa kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kutunza programu za watu wengine, alifuta kwa bahati mbaya data kwenye mtambo usio wenyewe. Walipokimbilia nakala za akiba wakakuta kwamba katika njia tano walizodhani wanazo, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Mojawapo ilikuwa imeshindwa kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua za tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani, hazimfikii mtu. Waliokolewa na nakala moja ambayo mfanyakazi aliichukua saa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Kwa sifa yao, waliyasema hayo yote hadharani, jambo ambalo kamati yetu ya mwaka 1994 haikufanya.

Sasa nirudi kwa Mwalimu. Programu za leo ni bora kuliko ile niliyoitumia, hilo halina ubishi. Nyingi zinalinganisha kilichoandikwa na cha asili, na diski ya nje haina kichwa kinachotofautiana na cha jirani kama draivu zetu za flopi. Lakini taarifa unayoisoma kila jioni, Mwalimu, bado ni ya mashine ile ile, inayojikagua yenyewe, kwa programu ile ile.

Mimi siku hizi nina diski mbili, na hazikai nyumba moja. Kila mwisho wa mwezi naibeba moja hadi kwa shemeji yangu mwenye kompyuta isiyofanana na yangu, nachagua mafaili matano bila mpangilio, nayarudisha, nayafungua, nayasoma kwa macho. Miezi mitatu iliyopita mawili kati ya matano yalikataa kufunguka. Kumbe programu yangu ilijiongeza toleo yenyewe usiku, na ya shemeji ilikuwa bado ya zamani. Ilituchukua dakika kumi kurekebisha, maana faili la asili lilikuwa bado hai nyumbani.

Kwa hiyo usilale kwanza. Jumamosi hii chukua diski hiyo uende nayo kwa mwanao, msitumie kompyuta ya dukani. Mwambie arudishe hesabu za mwezi wa tatu, kisha wewe na daftari lako la mkono mlinganishe jumla ya mwisho. Ukiniandikia mlichokikuta, barua yako nitaisoma hapa hapa juma lijalo.